Sista wa Mafaili Mawili

Alituita kwa majina ya idara zetu. Mimi nilikuwa Rekodi. Kijana wa maabara alikuwa Maabara, mama wa famasi alikuwa Famasi, na msimamizi wa hospitali, mtu mzima mwenye tai na kitambi, aliitwa Ofisi, tena mbele ya wageni. Hakuna aliyekasirika, au kama alikasirika alinyamaza. Sisi nasi tulimwita Sista. Hospitalini kwetu jina hilo ni la muuguzi yeyote, lakini mtu akisema "Sista anakuja" bila kuongeza neno, kila mmoja alijua ni nani, na wauguzi wa zamu walianza kutafuta kalamu.

Alikozaliwa na ukoo wake sitavieleza, kwa sababu hakunisimulia nami sikumhoji. Najua alikuwa Mwembu aliyeishi miaka mingi katikati ya Wameru, kwamba nyumba yake iko Kaaga, na kwamba tulimtania kwa Kimeru chake naye akatutania kwa Kiswahili chetu. Zaidi ya yote najua alichokitaka. Alitaka kazi ya kumsaidia mama anyonyeshe iandikwe kama matibabu, jinsi malaria na mshono vinavyoandikwa, ili chumba chake kisifungwe.

Chumba chenyewe hakikuwa kitu cha kupigia picha. Kilikuwa mwisho wa wodi ya kujifungua, kina viti vitatu vifupi, mito, mizani ya watoto na pazia lililofuliwa mpaka likapoteza rangi. Mama ambaye mtoto wake hashiki titi, au chuchu zimepasuka, au titi limevimba na kuwa la moto, aliingia humo na Sista akaketi naye mpaka mambo yakae sawa. Wakati mwingine ilichukua asubuhi nzima. Lakini kwenye kompyuta yangu asubuhi hiyo haikuwepo. Kilichokuwepo ni mtoto aliyekuja kupimwa uzito, akapimwa, akaenda zake. Basi kila mwezi Ofisi alisoma ripoti kwenye mkutano, akatazama juu na kusema, "Hiki chumba hakina wagonjwa," kisha akakiomba kwa ajili ya kuweka magodoro na katoni za dripu.

"Sista, usinielewe vibaya," alikuwa akisema. "Mimi sina ubaya na akina mama. Shida yangu ni space."

"Na shida yangu ni wewe," Sista alimjibu siku moja, na mkutano mzima ukatazama meza.

Kazi yangu ni kuchukua alichoandika muuguzi au daktari na kukipa msimbo, yaani herufi na tarakimu zinazosimama badala ya ugonjwa. Bima husoma misimbo, wizara husoma misimbo, Ofisi husoma jumla ya misimbo. Hadithi ya mama haisomwi na yeyote. Katika kitabu tulichokuwa tukitumia, matatizo ya titi la mama anayenyonyesha yako chini ya herufi O, na ya mtoto mchanga anayeshindwa kunyonya yako chini ya P. Yote yamo, yamepangwa vizuri kabisa. Siku niliyomwonyesha Sista kurasa hizo alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaivaa tena.

"Kwa hivyo zimekuwa humu siku zote?"

"Siku zote, Sista."

"Na nyinyi mnaziangalia tu."

Nilimweleza kwamba siwezi kuweka msimbo wa kitu kisichoandikwa na mtu. Nikimpa mama msimbo wa titi lililovimba na hakuna faili lake, na kwenye faili la mtoto hakuna aliyetaja titi, hiyo ni kutunga. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo kwake lilikuwa nadra. Kisha akaenda moja kwa moja mapokezi na kutangaza kwamba kuanzia kesho, kila mama anayekuja chumbani kwake afunguliwe faili na mtoto afunguliwe faili.

Kulikuwa na kelele. Dada wa mapokezi, ambaye foleni yake ilifika mpaka nje, alimuuliza, "Sista, mtu mmoja amekuja, unataka nifungue mafaili mawili?"

"Watu wawili wamekuja. Mmoja amebebwa."

"Lakini huyo mama si mgonjwa. Ameleta tu mtoto."

"Mwambie afungue kifua uone kama si mgonjwa."

Dada huyo alifungua mafaili mawili. Aliyafungua huku akinung'unika kwa mwezi mzima, na baadaye, alipojifungua mtoto wake mwenyewe na kuketi kwenye kile kiti kifupi, akawa ndiye anayewafokea wengine wakisahau.

Mimi pia alinifunza, na somo langu lilikuwa la aibu. Mimi ni Mmeru wa Maua. Kwetu mwanamume aliyekwisha kutahiriwa hasimami mbele ya mwanamke wa rika la mama yake akataja matiti kama anayetaja bei ya viazi. Sista alikuwa akija dirishani kwangu na noti zake, ananiambia nisome kwa sauti ili ajue nimeelewa. Nilisoma. Nikifika kwenye neno, nilikohoa.

"Umeruka neno, Rekodi."

"Nimeliona, Sista."

"Sikukuuliza kama umeliona. Soma."

Foleni ilikuwa inasikiliza. Nilisema "chuchu," masikio yakawaka moto, na mzee mmoja aliyekuja kutafuta kadi yake ya kliniki akageuka kuutazama ukuta. Sista alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Umeona? Hujafa." Leo nalitamka neno hilo mara nyingi kuliko jina langu, na mke wangu ananicheka.

Kule kunilazimisha kusoma kulikuwa na sababu nyingine ambayo hakuitaja. Mwandiko wake ulikuwa mbaya ajabu. Mwanamke aliyemsimamisha muuguzi katikati ya wodi kwa kusahau kuandika saa, yeye mwenyewe aliandika kama kuku aliyeparura majivu. Nilijifunza mwandiko ule kama mtu anavyojifunza lugha ya wakwe. Daktari mmoja mgeni aliwahi kunirudishia faili akisema ameshindwa, na nilipomsomea mstari kwa mstari alidhani ninamfanyia mzaha. Ukimkumbusha Sista jambo hilo alisema, "Mwandiko ni wa Mungu, maneno ni yangu," kisha akaondoka kabla hujajibu.

Lakini maneno yake yalikuwa safi. Noti yake ilikuwa hivi: Mtoto ameshika chuchu peke yake, hakushika titi. Chuchu ya kushoto imepasuka chini. Nimembadilisha mkao. Amemeza, nimesikia. Mama amesema uchungu umepungua. Warudi Jumatatu wote wawili. Kwangu mimi mtu wa misimbo, noti kama hiyo ni sherehe. Nilijua cha kuweka kwa mama na cha kuweka kwa mtoto, na hakuna bima ambayo ingenirudishia madai.

Neno alilolipiga marufuku wodini lilikuwa "vizuri", na nieleze kwa nini, maana watu walidhani ni wazimu tu. Huku kwetu mwanamke akijifungua, wanawake humjia na uji wa wimbi, ule tunaouita ucuru, na mama mkwe ndiye hukaa kando ya kitanda akishika chupa ya chai ya kuhifadhi joto kama bendera. Muuguzi anapita na kuuliza, "Mtoto ananyonya?" Mke mchanga anamtazama mama mkwe. Nani atasema maziwa hayatoki wakati wanawake wa kanisa lote wameleta uji? Anajibu, "Ananyonya sana." Mama mkwe anaongeza kwa fahari, "Huyu ni kama babu yake. Tangu asubuhi hajaachilia." Muuguzi anafurahi, anaandika: ananyonya vizuri.

Kulikuwa na mtoto mmoja aliyesifiwa hivyo kila zamu. Akaenda nyumbani, akarudi baada ya siku chache amelegea, macho yameingia ndani, nepi kavu. Niliitwa nilete faili. Sista alilifungua juu ya meza mbele ya wauguzi wote na kuweka kidole kwenye kila mstari. Vizuri. Vizuri. Ananyonya vizuri sana. Kando yake, kwa mwandiko wa watu walewale, uzito ulikuwa unashuka.

"Mtoto anayenyonya kutwa nzima bila kuachilia, anasema nini?" aliwauliza.

Alijibu mwenyewe.

"Anasema hapati kitu. Angekuwa anapata, angeshiba akalala. Mama amewaambia kwa mdomo wake mwenyewe, na nyinyi mkamwandikia pongezi."

Alimkamua mama maziwa, akamnywesha mtoto kwa kikombe kidogo, kidogo kidogo, siku hiyo na iliyofuata. Mtoto alipona. Tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kuandika "vizuri" wala "ushauri umetolewa". Ushauri gani, aliuliza, kwa nani, na huyo mtu akasema nini? Muuguzi alitakiwa kuketi, kutazama mtoto akinyonya tangu mwanzo mpaka mwisho, na kuandika alichokiona kwa macho na kukisikia kwa masikio.

Na kabla ya kutazama alimwondoa mama mkwe. Hilo alilifanya kwa heshima iliyonifurahisha kila mara. "Muga, cucu," alimwamkia bibi huyo kwanza, akimshika mkono kwa mikono miwili. "Huu uji umepoa. Si upeleke kwa jikoni uwaambie Sista amesema wakupashie?" Bibi alienda. Jikoni kwetu ni mbali, na wapishi walikuwa wameshaambiwa wasiwe na haraka. Kuna mmoja tu aliyemgundua. Alisimama mlangoni na kusema, "Mimi nimezaa tisa kwa shamba, na hakuna mtu alinionyesha kunyonyesha."

"Ulikuwa na bahati, cucu. Mimi nilikuwa muuguzi tayari, na cheti kwa ukuta, na wa kwanza wangu nilimlea na chupa. Nilikuwa nalia kila nikimshika. Hakuna mtu aliketi na mimi."

Yule bibi akachukua uji wake akaenda jikoni kwa hiari.

Hakulificha jambo hilo. Aliwaambia akina mama, alituambia sisi, alimwambia hata Ofisi, ambaye alikosa pa kuweka macho. Na kwa sababu hiyo, ingawa alikuwa mkali kwetu, sikumsikia hata siku moja akimsimanga mama aliyekuja na kopo la maziwa. Ukali wake wote aliuweka kwa wenye kalamu. Wakufunzi hutuambia kwamba huduma isiyoandikwa haikutolewa, na wengi walimnukulia maneno hayo wakidhani atafurahi. Alichukia. "Ilitolewa," alisema. "Mama anajua ilitolewa. Titi lake linajua. Anayekosa kujua ni wewe na ofisi yako, na ni huyo asiyejua ndiye anataka kufunga chumba."

Basi tuliandika. Polepole misimbo ya O na ya P ilianza kuonekana kwenye ripoti, safu kwa safu. Mwezi mmoja Ofisi alisoma, akarudia kusoma, akageuza karatasi kana kwamba kuna kosa nyuma yake. Magodoro hayakutajwa. Nilimwona Sista akikaza midomo ili asicheke. Alipotoka nje ya mkutano alinipiga bega kwa nguvu mpaka nikayumba, na hiyo ndiyo shukrani pekee niliyowahi kupata kwake.

Kisha akastaafu, na hapo ndipo hatari kubwa ilipoanza, kwa sababu safari hii ilitoka kwake mwenyewe.

Mahali pake palichukuliwa na muuguzi mpya, mwanamke kijana kutoka Chuka, mpole, aliyesomea hasa mambo ya kunyonyesha. Lakini akina mama hawakumjua. Waliambizana sokoni na kanisani kwamba Sista yuko nyumbani Kaaga, na kwamba anafungua mlango kwa yeyote. Walipita mbele ya lango la hospitali na kuendelea mpaka kwake. Walimletea ndizi, wakampelekea maharagwe, wakaketi kwenye baraza yake na matiti yao yenye maumivu, naye akawasaidia wote kama zamani. Wakapona. Na kwangu dirishani mafaili yakapungua, yakapungua, mpaka Ofisi akaja na fundi kupima upana wa mlango wa chumba.

Nilienda Kaaga saa ya chakula cha mchana. Nilimkuta barazani na akina mama wawili. Alinionyesha kiti kwa kidevu na kuendelea na kazi. Walipoondoka nilimwambia yote, pamoja na fundi na futi yake.

"Yule msichana hajui kazi?" aliuliza.

"Anaijua sana, Sista. Hana wa kumfanyia. Wagonjwa wake wako hapa."

"Wako hapa kwa sababu wanaumwa."

"Najua."

"Sasa unataka niwafukuze?"

"Mimi sitaki kitu. Nimekuja kukwambia tu."

Alinikasirikia. Nilijua kwa sababu aliacha kuniita Rekodi, akaanza kusema "wewe kijana". Aliniambia kwamba hospitali ikishindwa na kazi yake isimlaumu mwanamke mzee aliye kwake. Wakati huo lango lilifunguliwa akaingia mama mchanga, amemfunga mtoto kwa leso, anatembea amejiinamia upande mmoja, jasho usoni. Titi lake la kulia lilikuwa limevimba mpaka nguo imekaza.

"Nimetumwa na shangazi, cucu," alisema. "Ameniambia nikuje kwako, usinirudishe."

Sista alisimama. Aligusa paji la uso la yule mama kwa nyuma ya mkono, akamtazama mtoto, akatazama kile kiti cha baraza kilichokuwa wazi. Sijawahi kumwona mtu akitaka kitu kwa kiasi kile. Kisha akaingia ndani, akatoka amevaa sweta na viatu, akafunga mlango kwa ufunguo.

"Mpe Rekodi mtoto ambebe," alimwambia. "Twende."

Tulimpeleka kwa gari la jirani. Mapokezi Sista alisimama pembeni kama mtu yeyote, na walipouliza yeye ni nani wa mgonjwa alisema jirani. Mafaili mawili yalifunguliwa. Muuguzi mpya alipomwona alishtuka, akamkaribisha ndani kwa mikono miwili. Sista alikataa. Aliketi kwenye benchi la nje ya pazia na kuweka mkoba magotini.

Tulisikia kila kitu. Yule muuguzi kijana alimwambia mama ajilaze nyuma kidogo, amlaze mtoto juu ya kifua chake, amwache atafute mwenyewe. Huo haukuwa mtindo wa Sista. Yeye alimpitisha mtoto chini ya kwapa, na aliwahi kugombana na daktari kwa ajili ya mtindo huo. Mtoto alilia. Akazidi kulia. Sista alisimama, akaketi, akasimama tena.

"Ingia tu, Sista," nilimnong'oneza.

"Nyamaza. Nikiingia, kesho watakuja kwangu."

Aliketi. Kilio kilikatika, kukawa kimya, halafu tukasikia muuguzi akicheka kidogo na kusema, "Sikia, anameza." Baada ya muda mrefu mama alitoka akitembea wima, akamwendea Sista na kuanza kumshukuru kwa Kimeru, bwega, bwega muno.

"Mshukuru aliye ndani," Sista alimwambia. "Jumatatu rudi hapa. Usipitie kwangu."

Mama alidhani amemkosea. Uso wake ulibadilika, na Sista hakumfariji.

Tangu siku hiyo alikaa langoni kwake kila asubuhi akiwarudisha. Waliokuwa wanaumwa zaidi aliwasindikiza mwenyewe na kuketi kwenye benchi lile. Wengine walimlilia, wengine walimnunia. Ilisemwa sokoni kwamba tangu astaafu ameota mapembe. Mwanamke mmoja wa kanisa lake, ambaye mjukuu wake alirudishwa langoni, aliacha kumsalimia kabisa. Najua liliumiza kwa sababu aliniambia, na hakuwa mtu wa kueleza maumivu yake. Lakini lango halikufunguka.

Nilirudi kwake siku ya mkutano, baada ya mkutano. Alikuwa barazani, viti vimepangwa, hakuna aliyeketi. Nilimwambia kwamba ripoti imesomwa na Ofisi hakukitaja chumba, kwamba fundi amepelekwa kwenye chumba cha zamani cha kufulia kutengeneza rafu za magodoro huko, na kwamba muuguzi wa Chuka ameomba kiti cha nne na amekubaliwa.

"Na leo?" aliuliza. "Benchi lilikuwaje?"

"Limejaa mpaka kwa korido."

Alitazama lango lake.

"Hapa hakuja mtu hata mmoja," alisema. Alilisema kama muuguzi anayekabidhi zamu, kwa sauti ileile, na machozi yalikuwa yanamshuka bila yeye kuyafuta. Nilifurahi na kuumia kwa pamoja. Nilitaka kumwambia neno zuri, lakini kwake maneno mazuri yalikuwa magumu kupita mlangoni. Alinimiminia chai, akakisukuma kikombe mbele yangu, akatazama saa.

"Kunywa haraka urudi," alisema. "Kama wewe uko hapa, huko nani anaandika?"